Jiwe la Mazeras linameguka ninapolikata

Swali (Kilifi): Ndugu mafundi, nimenunua mawe ya Mazeras ya sakafu ya baraza, nami nakusudia kuyakata na kuyalaza mwenyewe. Kipande cha kwanza kilimeguka pembeni nilipokaribia kumaliza kukata. Nimekosea wapi?

Jibu: Ndugu yangu, hilo ni jiwe la mchanga lenye matabaka, na ukilikata kwa mkupuo mmoja, ncha isiyoegemea kitu huvunjika. Lilaze lote juu ya mchanga uliosawazishwa, chora mfereji wa kina cha milimita 3 kwa diski ya almasi, urudie taratibu, kisha umalizie ukianzia ukingo wa pili. Nakusihi ukate nje na uvae barakoa ya vumbi, kwani vumbi lake lina silika, nayo huharibu mapafu.

Jibu la pili: Naongeza kwamba unene wa mawe hayo hautoshani, kwa hiyo gundi nyembamba ya vigae haifai. Tandika mota ya sentimita 3 hadi 5, simenti 1 kwa mchanga 4, upake uji wa simenti mgongoni mwa jiwe, kisha uligonge kwa nyundo ya mpira. Likitoa mlio kama kwamba pana uwazi chini yake, linyanyue uongeze mota.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Kipande cha pili kimekatika salama, ukingo umenyooka.