Ushauri: Klabu yetu ya gofu inazeeka, vijana wa Arusha tuwapateje?

Wakuu, heshima kwenu. Nipo kwenye kamati ya klabu ndogo ya gofu hapa Arusha. Sisi si kama uwanja wa Kiligolf wenye mashimo 18. Tuna 9 tu, na wanachama wengi ni wastaafu. Vijana wakija wanapiga picha, wanakunywa soda, hatuwaoni tena. Kamati inataka kununua simyuleta, ile mashine unapiga mpira kwenye turubai na kompyuta inakuonyesha ulikoangukia. Bei yake imenitoa jasho. Tununue?

Chalii wa Ngarenaro: Mkuu, mimi naandika programu za simu. Niliwahi kufika klabu moja, getini nikaulizwa mwenyeji wangu nani. Kaptula ikakataliwa kwa sababu ya mifuko ya pembeni. Simu nizime. Hiyo mashine ningeifikiaje?

Mama Junior: Hapo kwenye simu mnajinyima wenyewe. Tangu 2019 kanuni za gofu zinaruhusu kupima umbali kwa kifaa, hata kwa simu, mradi kisikupimie upepo wala mwinuko. Zuieni kupiga kelele, basi. Na tangu 2020, kwenye mfumo wa dunia wa handikapu (namba ya kiwango cha mchezaji, ikishuka ndiyo umeboreka), raundi za mashimo 9 zinahesabika. Ukifikisha mashimo 54 unapata handikapu yako ya kwanza. Kijana akiiona ikishuka kwenye simu, atarudi mwenyewe kesho.

Mzee wa Njiro: Muda je? Mtu anatoka kazini saa kumi na moja, ikikaribia saa moja giza linaingia. Mashimo 9 yanataka kama saa mbili. Wekeni taa kwenye uwanja wa mazoezi, muuze ndoo ya mipira kwa malipo ya simu, na fimbo za kukodi. Nani atanunua seti nzima kabla hajajua kama anaupenda mchezo?

Kedi Mstaafu: Samahani wakubwa, vijana mnao. Ndio wanaobeba mifuko yenu. Kila kedi ana simu janja, na wengine wanawashinda wanachama uwanjani mchana kweupe. Wapeni siku yao ya kucheza na ada wanayoiweza. Hata hizo video za kuvutia wenzao wataziweka wao.

Mleta uzi: Nimewasoma. Simu na taa nitazipeleka kikaoni. Kedi Mstaafu, ada ya mwezi ikiwa shilingi ngapi vijana wenu wataimudu? Nitajie tarakimu, maana wazee wangu wataniuliza hilo kwanza.