Nikikaa kimya mbele za Mungu akili inazurura, hii bado ni sala kweli?

Mwanzisha mada:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ni mtu wa kuomba kwa sauti tangu utotoni, nikipiga magoti maneno yanamiminika tu, mikesha nakesha, sijawahi kukosa cha kumwambia Mungu. Ila tangu mama alipofariki maneno yamekauka. Imani ninayo, nafungua mdomo tu hakitoki kitu. Nikaamua basi niwe nakaa kimya dakika 20 kila alfajiri. Jamani, kazi ipo! Mara nasikia friji inavyounguruma, mara mguu umeingia ganzi, mara kichwani nishafika kazini nabishana na bosi. Alamu nimeitegesha lakini bado nafumbua jicho kuangalia kama simu imezima. Halafu mpendwa mmoja kanitisha eti kukaa kimya hivyo ni kuacha akili tupu na pepo watapata pa kuingilia. Naombeni msaada, nasali au najidanganya?

Dada Mkubwa:
Pole sana na msiba mdogo wangu. Hiyo ya kuvizia alamu imenigusa maana Teresa wa Avila, yule mtawa wa Hispania (1515–1582) ambaye Wakatoliki wanamhesabu kuwa mwalimu wa sala, amekiri mwenyewe kwamba kuna miaka alikuwa anatamani saa yake ya sala iishe, masikio yote yako kwenye saa anangoja igonge. Na kwa miaka kama 18 hakuthubutu kuanza kusali kimya bila kitabu mkononi, isipokuwa akishapokea komunyo. Anasema kitabu kilikuwa ngao yake dhidi ya mawazo, na mara nyingine kuwa nacho tu karibu kulitosha. Kwa hiyo na wewe usiingie mikono mitupu. Chukua Zaburi ya 131, ina mistari mitatu tu, isome polepole mpaka neno moja likushike, ubaki nalo hapo hapo. Akili ikitoroka usiigombeze, irudishe kwenye hilo neno, hata kama ni mara 30. Kule kurudi ndiko kusali kwenyewe.

Mlokole wa Siku Nyingi:
Mimi nami nilikuwa naogopa kama huyo mpendwa wako, na nadhani anawaza ile nyumba tupu ya Mathayo 12, ambayo pepo aliyetoka anairudia na wenzake saba. Hofu yake si ya kudharau, mtu akikufundisha kufuta kila kitu kichwani bila kumwelekea yeyote, mimi ningeondoka hapo. Ila kimya cha Mkristo kina mwenyewe, unakaa mbele ya Mtu unayemjua jina! Waorthodoksi karne na karne wanarudia "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi", wengine wanaifuatisha na pumzi, taratibu, mpaka moyo wenyewe unatulia. Sasa hapo utupu uko wapi? Na nabii Eliya kule mlima Horebu (1 Wafalme 19) upepo ulipasua milima, likaja tetemeko, ukaja moto, Bwana hakuwemo, ndipo ikaja sauti ndogo ya utulivu na mzee akafunika uso kwa vazi lake. Sisi tunaokemea kwa sauti kubwa hiyo sura tunaihubiri sana lakini kuikalia hatuikalii.

Kaka Mpole:
Dakika 20 ni nyingi kwa mtu aliyefiwa, anza na 5. Simu iweke chumba kingine, utaisikia tu ikilia. Na machozi yakija yaache. Kimya kisikufanye ujifungie na huzuni peke yako, tafuta mtu wa kuongea naye pia.

Mwanzisha mada:
Asanteni mno, dada hujui ulichonifanyia. Ule mstari wa pili wa Zaburi 131, mtoto aliyeachishwa ziwa akiwa kifuani kwa mama yake, nimeusoma leo alfajiri nikashindwa kuendelea. Mtoto wa hivyo hatafuti tena maziwa, amekuja kukaa na mama tu. Na mama yangu wiki zake za mwisho hakuweza kuongea, nilikuwa nashika mkono wake, kidole chake gumba kinapapasa changu, masaa yanapita na hakuna hata siku moja niliyojiuliza kama pale tulikuwa tunaongea au hatuongei. Nimelia sana. Friji ilikuwa inaunguruma vilevile, alamu ikalia chumba cha pili na nikaona nibaki kidogo.