Bima ya kazini kwangu au ya mume wangu: ipi italipia upasuaji wa kupunguza uzito?

Mama Rayyan, Columbus
Habari zenu wapendwa. Naombeni ushauri kabla dirisha la kubadili bima halijafungwa mwezi huu. Nina kilo 104, urefu mita 1.63, BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, imetoka 39. Nina presha, na tangu mwaka jana nalala na mashine kwa sababu hewa hukatika usingizini. Dawa, kutembea, kuacha wali usiku, vyote nimefanya. Daktari anashauri slivu, ile ya kukata sehemu kubwa ya tumbo la chakula.

Bima ya kazini kwangu makato yake ya mshahara ni madogo. Ya kazini kwa mume wangu inakata karibu mara mbili. Zote ziko chini ya kampuni moja ya bima, na kwenye tovuti yao wameandika kwamba wanalipia upasuaji huu. Si nibaki tu na yangu? Shoga yangu naye ananiambia niachane na bima, nikapasuliwe Tijuana, Mexico, kwa kulipa taslimu.

Karani wa Madai, Minneapolis
Dada, hapo kwenye "kampuni moja" ndipo wengi wanapokwama. Nashughulikia madai ya bima hospitalini na naliona hili kila wiki. Waajiri wengi wakubwa Marekani hawanunui bima kamili. Pesa za matibabu anatoa mwajiri mwenyewe, kampuni ya bima inashika makaratasi tu. Kwa hiyo mwajiri ndiye anayeamua kipi kilipiwe. Mipango ya aina hiyo iko chini ya sheria ya shirikisho ya ERISA ya 1974, na hata jimbo likilazimisha bima zilipie upasuaji huu, amri hiyo haiigusi mipango hiyo.

Ulichosoma kwenye tovuti ni masharti ya kitabibu. Hakikuambii kama mwajiri wako ameuondoa upasuaji huo kwenye mpango wake.

Piga namba iliyo nyuma ya kadi. Ukiuliza kijuujuu utajibiwa kijuujuu. Waambie: "Kwenye mpango wangu huu, huduma yenye namba 43775 imekatazwa?" Hiyo ndiyo namba ya slivu ya matundu, inayofanywa kwa vitundu vidogo tumboni. Baipasi ya matundu, ile ya kuelekeza chakula kipite kando ya sehemu kubwa ya tumbo, ni 43644. Andika jina la aliyekujibu, tarehe, na namba ya kumbukumbu ya simu. Kisha omba kitabu kizima cha mpango, wakikupa muhtasari kataa, ufungue sehemu ya visivyolipiwa.

Bint Pangani, Houston
Msikilize huyo kaka. Mimi miezi 6 nilikwenda kwa mtaalamu wa lishe, napanda mizani, najaziwa fomu. Mwezi wa 4 mtoto aliugua nikakosa siku moja, wakanianzisha upya kuhesabu. Nikaenda kwa mwanasaikolojia, nikapitishwa kamera tumboni. Siku ya kuomba kibali jibu lilikuja kwa mistari miwili: huduma hii haimo katika mpango wa mwajiri wako. Mwaka mzima, na swali lenyewe lingejibiwa kwa simu moja. Bado naumia nikikumbuka.

Mama Rayyan, Columbus
Pole sana mdogo wangu. Hukukata rufaa?

Karani wa Madai, Minneapolis
Nimjibie kidogo. Ukikataliwa kwa hoja ya kitabibu, kwamba huhitaji au hujatimiza masharti, pigana. Kwa kawaida una siku 180 za kukata rufaa ndani ya bima yenyewe, wakishikilia unaomba mkaguzi huru wa nje ndani ya miezi 4. Hapo barua ya daktari na majibu ya kipimo cha usingizi yana uzito. Lakini mwajiri akishaondoa huduma, ushahidi wa kitabibu peke yake ni nadra kukusaidia.

Jambo jingine: kwa BMI yako ya 39 unahitaji ugonjwa unaoandamana na unene, na unao. Kipimo cha zamani cha 1991 ni 40, au 35 ukiwa na ugonjwa. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha hadi 35 hata bila ugonjwa, ila bima nyingi bado zinashika cha zamani. Hakikisha presha na mashine ya usiku vimeandikwa kwenye faili lako. Kisichoandikwa, kwa bima hakipo.

Shangazi wa Leicester
Huku Uingereza NHS, huduma ya afya ya serikali, hailipishi, tatizo ni foleni. Vigezo ni hivyohivyo, 40 au 35 na ugonjwa, lakini mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu huku, unaruhusu kupunguza BMI hizo kwa 2.5 kwa wenye asili ya Afrika, Asia na Mashariki ya Kati, kwa sababu kisukari na moyo hutuwahi tukiwa na uzito mdogo zaidi. Daktari wangu hakulitaja, nililitaja mimi. Waswahili mlioko huku, litajeni.

Baba Nasra, San Diego
Kuhusu Tijuana. Mke wangu alilipa dola 5,200, na upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya 9 akawa hashiki hata maji. Nilikuwa namnywesha kwa kijiko cha chai, kijiko kimoja kila dakika 5, midomo imekauka. Dharura hapa walimpokea wakamwekea dripu, lakini kila kliniki ya upasuaji tuliyopiga simu baada ya hapo ilisema haifuatilii mgonjwa aliyepasuliwa kwingine. Sasa ni mzima. Ila mkienda, tafuteni kwanza daktari wa huku atakayekubali kumfuatilia, na mtenge pesa za vitamini, maana hizo ni za maisha.

Bint Pangani, Houston
Na shemeji aulizwe kama kazi yake ni ya kudumu. Akiacha kazi katikati, mnaanza upya.

Mama Rayyan, Columbus
Nimerudi. Nimekaa na simu dakika 50. Ya kwangu imekatazwa: imeandikwa kwenye orodha ya visivyolipiwa, katikati ya wigi na miwani, mstari mmoja tu. Ya mume wangu inalipia. Wanataka BMI 35 na ugonjwa mmoja, mwanasaikolojia, na miezi 3 ya lishe mfululizo. Tutalipa dola 2,500 za mwanzo, halafu asilimia 20 mpaka tufike 6,000. Mume wangu ana mwaka wa 7 pale kazini. Jana usiku tumejaza fomu ya kunihamishia kwake, na miadi ya kwanza ya lishe nimeiomba wiki ya pili ya Januari. Namba ya kumbukumbu nimeibandika kwenye friji.

Karani wa Madai, Minneapolis
Ipige picha pia, dada. Na miadi ya lishe usikose hata mmoja, hata mtoto akiugua.