Kipimo cha msongo wa oksidi kwa wagonjwa wa retina: kinasaidia, ama tunakamuliwa?

Wa Kayole: Mama ana kisukari, mishipa ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho, inavuja. Kliniki moja ya mjini inataka apimwe damu, kitu kinaitwa malondialdehaidi, eti kuonyesha msongo wa oksidi, yaani sumu za oksijeni zikizidi mwilini, ndipo adungwe sindano ya jicho. Bei yake mniombee. Ni haki kila mgonjwa wa retina alazimishwe?

Kengele: Mnakamuliwa. Hayo ni mabaki ya mafuta yaliyoharibiwa na oksidi, na wenye kisukari wengi huwa nayo juu. Sasa yakiwa juu, sindano inabadilika? Daktari huamua kwa picha za retina.

Mtu wa Maabara: Polepole, Kengele. Retina inakula oksijeni kupita kiasi, na imejaa mafuta yanayoharibika upesi. Brownlee, mtafiti wa kisukari wa Marekani, alishaeleza 2001 vile sukari ikizidi ndani ya chembe za mwili hufanya mitokondria, vile vinu vyake vya nguvu, imwage sumu za oksijeni. Kupima si uganga. Shida ni wagonjwa wenyewe: chapati tatu na chai ya sukari, kisha lawama kwa maabara.

Cucu wa Jericho: Kijana, chapati zimeingiaje hapa? Mama ya mtu anapoteza macho na wewe unahesabu sahani yake?

Mtu wa Maabara: Cucu, sijataja mama ya mtu.

Kengele: Umetaja. Tumesoma.

Dereva 58: Lakini chapati ya unga wa ngano nzima haina neno, ama?

Cucu wa Jericho: Ina neno ukila nne.

Wa Kayole: Na SHA, bima ya afya ya serikali, inalipia hicho kipimo?

Muuza Miwani: Mnunulieni vidonge vya macho, vile vya utafiti wa AREDS.

Kengele: Ule ulikuwa wa makula, sehemu ya katikati ya retina, inayochakaa kwa uzee, si kisukari! Na beta-karotini iliyokuwamo ilikuja kuonekana inaongezea waliowahi kuvuta sigara saratani ya mapafu. Soma kabla ya kuuza.

Muuza Miwani: Mimi siuzi vidonge. Jina ni la biashara ya baba.

Mtu wa Maabara: DCCT, ule utafiti wa kudhibiti kisukari, 1993: waliodhibiti sukari sawasawa walipunguza hatari ya retina kuanza kuharibika kwa asilimia 76. Kwa hivyo sahani ni muhimu, mtake msitake.

Kengele: Hao walikuwa wa aina ya kwanza, wa insulini. Na umejipinga mwenyewe: kumbe dawa ni sukari, si kipimo chenu.

Cucu wa Jericho: Mwacheni. Kwanza atuambie yeye sukari yake alipima lini.