Mbaazi Zimeshika

Kikundi: Ukoo wa Bi Mwanakombo
Jumamosi jioni

Halati Zuhra: Nani alowacha mbaazi motoni? Nimerudi kutoka Marikiti nakuta nyumba nzima moshi. Tui lote limekauka, zimeshika mpaka chini. Na ni sufuria yangu ile kubwa.

Rukia: Mimi nilitumwa mahamri. Muulizeni Saumu.

Swaleh: Saumu alikuwa na Wakorea wake.

Saumu: Uongo! Leo sikuwa na Wakorea.

Swaleh: Basi ulikuwa na nani?

Saumu: Nilikuwa na Wamisri.

Halati Zuhra: Ati?

Mjomba Faraji: Huyu mtoto mwezi jana nilimkuta sebuleni analia, nikajua kuna msiba. Namuuliza nani kafa? Aniambia kuna kijana Seoul kapanda ndege bila ya kumuaga mchumba wake. Nikasema pole, wamjua wapi? Ati si mtu wa kweli, ni wa tamthilia.

Saumu: Mjomba kile kilikuwa kipindi cha 15. Nyingi zaisha 16. Wamebakisha kimoja tu na hawajaambiana neno! Hata wewe ungelia.

Mjomba Faraji: Mimi nililia Gor Mahia walipotufunga mpirani. Basi.

Halati Zuhra: Mbaazi, Saumu. Turudi kwa mbaazi.

Saumu: Halati nisamehe, wallahi. Nilisema dakika tano tu. Tazama mwenyewe kilichonishika.

[picha]

Swaleh: Nani huyu? Mrembo.

Saumu: Huyo ana miaka karibu 1,900, tulia.

Swaleh: Basi amejitunza.

Saumu: Ni picha za Fayum, Misri, zama Warumi wanatawala huko. Mtu akifa alikaushwa na kuzongwa sanda za kitani kama desturi ya Wamisri, lakini juu ya uso akawekewa ubao mwembamba uliochorwa sura yake, kwa uchoraji wa Kigiriki na Kirumi. Ni kama babu na kanzu yake akavaa koti la Kizungu juu. Zimepatikana kama 900 hivi, nyingi kwa sababu ule mchanga ni mkavu. Zingekuwa hapa Kibokoni, kwa unyevu huu, zingeoza zote msimu mmoja.

Saumu: Sasa vuteni hiyo picha, muangalie jicho la kushoto. Mwaona kile kitone cheupe? Kimoja tu, kama punje ya mchele. Hicho ndicho kimemtia uhai. Kifunikeni kwa kidole muone anavyozimika.

Rukia: Subhanallah kweli. Nimefunika akafa. Nimeondoa kidole akarudi.

Swaleh: Na mimi nimejaribu. Sipendi, yuanitazama.

Bibi: [sauti, dakika 1]

Mjomba Faraji: Niko ndani ya matatu, sina vya masikioni. Nani aniandikie alosema Bi Mkubwa.

Rukia: Bibi asema: "Nimeuona huo mwanga wa jicho. Lakini mimi nimeangalia masikio. Hivyo vipuli vina lulu zinaning'inia, si lulu hizo? Mama yangu alikuwa navyo vya mfano huo, akaviuza tulipougua surua. Na hiyo rangi mbona inang'aa, ni mafuta?"

Saumu: Ni lulu Bibi! Na hiyo si mafuta, ni nta. Nta ya nyuki, wanaiyeyusha, wanachanganya na rangi, wanapaka ikiwa bado laini. Si zote, nyingine ni rangi ya maji na gundi, lakini hizo hazing'ai hivi. Kwenye shavu waona mistari midogo midogo, hapo ndipo kifaa kilipopita nta ikaganda.

Bibi: [sauti, sekunde 20]

Rukia: Asema nta aijua, walikuwa wakipakia uzi wa kushonea kofia usikatike. Na asema aliyechora alikuwa ampenda huyo mwanamke au alilipwa vizuri.

Mjomba Faraji: Mimi swali langu ni moja. Saumu nakuuliza kwa mapenzi. Leo maiti wa Misri. Jana Wakorea. Ramadhani ilikuwa mapango. Mtu hashiki kitu kimoja akakijua? Mapenzi ya kutungwa na picha za kale, wapi na wapi?

Swaleh: Mjomba amefunga mabao matatu.

Saumu: Basi ningoje niandike, msinikatize.

Halati Zuhra: Andika ukisugua sufuria.

Saumu: Nimetia maji na magadi, yalowa kwanza. Haya. Mjomba, Laila na Majnuni wamjua?

Mjomba Faraji: Nani hamjui. Filamu ya Kihindi.

Saumu: Kabla ya Wahindi. Ni hadithi ya Waarabu, halafu Nizami wa Ganja akaitunga kwa mashairi ya Kiajemi mwaka 1188. Kijana jina lake ni Qais. Majnuni ni jina aliloitwa na watu alipoharibikiwa, ndilo hili hili letu, majununi. Qais na Laila walianza kupendana chuoni, wakiwa watoto, wakisoma. Wachoraji wakalipenda sana tukio hilo la chuo. Iko picha moja ya karne ya 15, kutoka Herat, Afghanistan, sasa iko New York kwenye makumbusho ya Metropolitan. Darasa zima la watoto na vitabu vyao, mwalimu wao, na wawili hao kati yao. Picha yenyewe ndogo, ni ukurasa wa kitabu, si ya kutundika ukutani.

Saumu: Kwa hivyo mapenzi ya kutungwa na picha za kale yalikuwa kitabu kimoja, Mjomba. Si mimi niliyechanganya.

Swaleh: Bao la kusawazisha!

Bibi: [sauti, dakika 2]

Rukia: Ngojeni, Bibi amecheka nusu ya hii. Asema: "Chuoni kwetu wanaume walikaa upande huu, wanawake upande huu, na mwalimu ana bakora ndefu ya kufika pande zote mbili. Na bado watu walioana kutoka chuo kile. Huyo Laila akaolewa na mwengine, sivyo? Akafa, na mwanamume akafia kaburini kwake. Hadithi nzuri lakini yule baba mtu alikuwa na kichwa kigumu. Mtoto amependwa, mpe."

Halati Zuhra: Bi Mkubwa ndiye alomkataa mume wangu miaka miwili.

Rukia: Bibi asema hilo ni jambo jengine.

Saumu: Mimi nachokipenda ni kimoja tu, Mjomba, ila nakikuta mahali pengi. Mtu anayemtazama mwenziwe na hawezi kumfikia. Yule kijana wa Seoul uwanja wa ndege. Qais jangwani na wanyama wa mwitu. Huyu mwanamke wa Fayum yuatutazama, na sisi twamtazama. Sijui kueleza vizuri zaidi ya hapo.

Mjomba Faraji: Na mapango? Mapango nani alikuwa amtazama nani?

Saumu: Hayo ni Kondoa, Tanzania, kwenu wewe dereva! Wapita Kolo?

Mjomba Faraji: Kolo? Arusha, Babati, Kolo, Kondoa, Dodoma. Njia hiyo nimeila miaka kumi na moja na lori, enzi ya vumbi kabla ya lami. Kolo tulikuwa twasimama kunywa chai.

Saumu: Basi ulikuwa wanywa chai chini ya michoro iliyo kwenye urithi wa dunia tangu 2006. Vilima hivyo vina mapango na majabali zaidi ya 150 yenye michoro. Watu warefu wembamba kama mishale, twiga, pundamilia, wengi kwa udongo mwekundu.

Mjomba Faraji: Vile vilima vya upande wa mashariki?

Saumu: Hivyo hivyo.

Mjomba Faraji: Miaka kumi na moja! Na hakuna aliyeniambia. Niliona mbuzi tu.

Swaleh: Mjomba alikuwa amtazama mwenye mkahawa.

Mjomba Faraji: Wewe nikifika nyumbani.

Saumu: Lakini hatuhitaji kwenda Kondoa. Ngomeni hapa iko michoro.

Rukia: Ngomeni gani, Fort Jesus?

Saumu: Hiyo hiyo. Wareno walipokuwa ndani, karne ya 17, walichora kwenye lipu ya ukuta. Merikebu, kanisa, watu. Kwa makaa na udongo mwekundu, yaani rangi zile zile za mapangoni. Si wachoraji hao, mikono yao yaonyesha. Mstari umepinda, milingoti imesimama vibaya. Lakini kamba za tanga wamezichora moja moja kama mtu anayezijua kwa viganja. Yuko Mombasa, jua la saa saba, amechoka, achora chombo cha kumrudisha kwao.

Halati Zuhra: Nimekaa mji huu miaka hamsini na mbili sijaiona.

Saumu: Twende kesho wote.

Bibi: [sauti, dakika 1]

Rukia: Hii nimesikiliza mara mbili. Bibi asema: "Mimi Ngomeni sijaingia maisha yangu. Tulipokuwa wadogo Ngomeni ni jela. Ukimkosea mama wasikia, nitakupeleka Ngomeni. Tukipita pale twenda baharini twakimbia upande wa pili wa njia. Kulikuwa na mfungwa akiimba, hatumuoni, sauti tu yatoka juu ya ukuta. Mimi na dada yangu tulikuwa twasimama kidogo tumsikilize kisha twakimbia."

Saumu: Bibi hukuwahi kutuambia hayo!

Mjomba Faraji: Ilikuwa jela mpaka 1958, ni kweli. Kisha ndiyo ikafanywa makumbusho.

Rukia: Bibi asema atakuja kesho, lakini asishikwe mkono kama mgonjwa, na tuende asubuhi kabla ya jua kali. Na achukuliwe madafu.

Halati Zuhra: Nami nitabeba viazi karai. Mbaazi zenu mwazijua ziliko.

Saumu: Magadi yamefanya kazi, chini pamebaki duara moja jeusi tu.

Halati Zuhra: Sugua hilo duara.

*Bibi amebadilisha picha ya kikundi*

Rukia: Bibi! Umebonyeza nini?

Swaleh: Hahaha ametuwekea mwanamke wa Fayum. Sote sasa tu ukoo wake.

Rukia: Asema alikuwa ataka kuvuta avione vipuli vizuri. Asema muache hapo hapo, amependeza kuliko ile picha ya harusi ya Zuhra.

Halati Zuhra: Nimesikia.

Halati Nuru (Maskati): Asalaam aleikum. Kazini ndiyo natoka, sijasoma ya juu, ni mengi. Maashallah, huyu ndiye mchumba wa Swaleh? Macho mazuri. Watu wao ni wa wapi?

Swaleh: Misri, Halati.

Halati Nuru (Maskati): Mbali kidogo. Wazee wake wako hai?