Fildi kwenye kampuni ya bima: niombe idara gani?

Kimara_Korogwe
Wakuu habari zenu, na wakubwa zangu shikamooni. Nipo mwaka wa pili IFM, nasoma bima na usimamizi wa vihatarishi. Mwezi wa saba tunatakiwa fildi, wiki nane. Nimezungusha barua kwenye kampuni kadhaa pale Posta, zote zinaishia mapokezi, naambiwa "tutakupigia". Waliotangulia wananitisha: wanasema ukishapokelewa kazi yako ni kutoa kopi na kufuata chai, au unapelekwa kituo cha mafuta kuuza bima ndogo za magari (zile zinazolipa hasara ya watu wengine tu). Mimi nataka nitoke na kitu kichwani. Niombe idara gani? Niende kampuni kubwa au kwa dalali wa bima? Na posho ipo, au nijipange mwenyewe na nauli ya mwendokasi?

Mjasiri_wa_Ilala
Mkuu, kwanza usichanganye fildi na yale mafunzo ya uzoefu kazini yanayoratibiwa na TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira. Yale ni ya waliokwisha kuhitimu. Wewe barua yako inatoka chuoni. Posho usiipigie hesabu, wengi wanatoa nauli au hawatoi kabisa. Kama ni mnufaika wa Bodi ya Mikopo, fuatilia hela ya mafunzo kwa vitendo mapema na usaini kabla hujaondoka chuoni.

DadaMadai
Marahaba mdogo wangu. Mimi nipo idara ya madai kwenye kampuni moja hapa Dar, na vijana wa fildi wakija ndio ninaokaa nao. Jibu langu ni fupi: omba madai. Liandike kabisa kwenye barua, "naomba kufanya mafunzo katika idara ya madai", kwa sababu barua isiyotaja idara inampelekea bosi kazi ya kukufikiria, na bosi hana muda huo.

Nakwambia madai kwa sababu moja. Siku ya kukata bima mteja anaangalia bei. Siku ya ajali ndiyo mkataba unasomwa neno kwa neno, na wewe unakuwepo.

Kijana akija kwangu simpi mashine ya kopi. Nampa faili la ajali ya gari lenye bima kubwa, ile inayolipa hata gari la mteja mwenyewe. Ndani kuna fomu ya madai aliyojaza mteja, kopi ya leseni ya dereva, kadi ya gari, ripoti ya trafiki na mchoro wa ajali, picha, makadirio ya gereji na ripoti ya mtathmini. Namwambia: soma, kisha niandikie ukurasa mmoja, ilikuwaje na tulipe nini. Kuna binti alikaa na faili lake asubuhi nzima, hajainua kichwa. Mchana akanijia: "Dada, fomu inasema wamegongwa mbele kulia. Mchoro wa trafiki unasema hivyo hivyo, picha zote ni za mbele. Mbona gereji imeweka na taa za nyuma?" Tukamrudisha mtathmini gereji, taa za nyuma zikatolewa kwenye hesabu. Yule binti hakuwa na uzoefu wowote. Alisoma tu karatasi zote na kuzilinganisha. Nilifurahi mno siku ile.

Halafu kuna bima ya moto. Chukua duka lenye mali ya milioni 80, mwenye duka ameliandikisha kwa milioni 40 ili ada iwe ndogo. Moto ukaunguza mali ya milioni 20. Kwa kanuni ya wastani, yaani ukiandikisha nusu ya thamani unalipwa nusu ya hasara, analipwa milioni 10, na hapo bado hujakata kile kiasi anachobeba mwenyewe. Darasani mnaimaliza kwa mistari miwili. Ofisini mzee mwenye duka amekaa mbele yako, kashika bahasha ya risiti zilizobaki, na ni lazima umweleze kwa Kiswahili anachokielewa kwa nini nusu haipo. Ukiweza kumweleza mtu huyo kwa heshima, bila kujificha nyuma ya maneno ya mkataba, utakuwa umejifunza bima. Chuki nyingi ya watu kwa kampuni zetu inatokana na mazungumzo kama hayo kufanywa vibaya, au kutofanywa kabisa pale walipokuwa wanakata bima. Hilo linaniuma, na ndiyo maana nataka vijana wanaoingia waione mapema.

Kuuza bima ndogo usikudharau pia. Mfungulie mteja TIRA-MIS, mfumo wa mamlaka ya bima wa kuhakiki bima, kwenye simu yake, mwonyeshe namba ya gari lake inasoma. Stika za bandia zimewaumiza watu. Ila fildi nzima isiishie hapo, ongea na msimamizi wako mkubaliane mapema kwamba utazunguka idara.

Dalali? Nzuri sana, na wanafunzi hawaendi. Kwa dalali unaona bei na masharti ya kampuni tofauti kwa kihatarishi kile kile, jambo ambalo sisi wa kampuni hatulioni. Na kama una ndugu Morogoro, Dodoma au Mwanza, peleka barua kwenye tawi la huko. Tawi lina watu wachache, mtu mmoja anaandikisha bima, anapokea madai, anafuatilia malipo. Utashika kila kitu. Posta kila mtu anapeleka barua.

Kuhusu "tutakupigia": peleka barua mbili, moja iache, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Wiki ya pili rudi na hiyo yenye muhuri, uliza imefika kwa nani, umwone mtu huyo. Na mwakani wenzako wasisubiri mwezi wa sita, waanze mwezi wa tatu.

Pwani_Mchangani
Walio Unguja wasisahau Shirika la Bima la Zanzibar, lipo tangu 1969. Bara nako wengi wanakimbilia kampuni za bima tu, wanasahau TAN-RE. Ukitaka kujua bima mtawanyo, yaani kampuni za bima nazo zinajikatia bima wapi, ndiko kwenyewe.

Kimara_Korogwe
Dada, Mungu akubariki. Nina shangazi Morogoro, Jumatatu naenda na barua. Maswali mawili ya mwisho. Kile kitabu cha kumbukumbu za kila siku nijaze nini ili msimamizi wa chuo asinirudishie? Na naruhusiwa kupiga picha mafaili ili nikaandikie ripoti?

DadaMadai
Picha hapana, hata ukurasa mmoja. Ndani ya faili kuna namba za simu, namba za NIDA, mara nyingine PF3 ya majeruhi na karatasi za hospitali. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, yale ni mambo ya watu waliopata shida. Kwenye ripoti andika "mteja A", "gari dogo la abiria", inatosha. Msimamizi wako aisome kabla hujaipeleka chuoni.

Kitabu kijaze jioni ile ile, ukisubiri Ijumaa utakuwa umesahau. Usiandike "nimesaidia kazi za ofisi". Andika hivi: "Nimepitia faili la ajali. Ripoti ya trafiki haijaambatishwa. Nimeandaa barua ya kumwomba mteja ailete, msimamizi amesahihisha aya ya pili kwa sababu sikutaja tarehe ya ajali." Msimamizi wa chuo akisoma hivyo, maswali yake yote atakuuliza kuhusu hilo faili, na utakuwa na majibu. Ukifika Morogoro niandikie inbox, nitakuelekeza namna ya kumwomba meneja wa tawi akupe faili la kwanza.