Wanawake wa Nyumba ya Bibi: siku tisa zimepita

JUMANNE

Saumu, 21:04
Shikamooni nyote. Nina jambo, naomba lisitoke humu. Siku zangu zimechelewa siku tisa. Mwili mzito, kichwa kinagonga kila jioni, na leo nimepita kwa yule mkaanga chipsi wa kituoni, mafuta yake yamenifukuza. Ni mimba au ni haya mawazo?

Shangazi Mwanaidi, 21:06
Marahaba mwanangu. Mafuta yamekufukuza? Basi hiyo ni mimba. Ya kaka yako niliijulia harufu ya sabuni ya mche.

Mama Mdogo, 21:08
Wifi, tusiende mbio. Tangu mumewe apunguzwe kazi huyu mtoto halali, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mwaka aliofariki baba nilikaa karibu miezi miwili sioni kitu, na mimba haikuwepo.

Saumu, 21:09
Ni kweli mama mdogo. Nalala saa nane, saa kumi na moja nipo macho.

Shangazi Mwanaidi, 21:10
Maziwa yanauma?

Saumu, 21:10
Yanauma, ila huuma hata siku zangu zikikaribia.

Da Rehema, 21:23
Ndiyo natoka zamu. Pole mdogo wangu. Uchovu, kichwa, kichefuchefu, maziwa kuuma, usingizi kuharibika: vyote vipo kwenye mimba, vipo kwenye mawazo, na vingine huja kabla ya hedhi. Kwa kusikiliza dalili tu, hata mimi nesi siwezi kukuambia.

Da Rehema, 21:26
Na hedhi kukawia pia. Ukibanwa na mawazo, ubongo unapunguza ile amri ya kukomaza yai. Yai linachelewa kutoka, au mwezi huo halitoki kabisa. Hedhi huja kama wiki mbili baada ya yai kutoka, kwa hiyo yai likichelewa siku kumi, hedhi nayo inasogea siku kumi.

Mama Mdogo, 21:27
Miaka yote hii, hilo la yai nalisikia leo.

Da Rehema, 21:31
Kuna vya kuangalia. Kichefuchefu cha mimba mara nyingi huanza wiki ya nne hadi ya sita ukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na harufu ndizo humchokoza mtu. Cha mawazo mara nyingi huja na moyo kwenda mbio na tumbo kukaza, kinapanda mwenye nyumba akipiga simu, kinashuka ukitulia. Maziwa ya hedhi hupoa damu ikishaanza. Ya mimba yanaendelea, na weusi wa kuzunguka chuchu unaweza kukolea. Ila haya ni ya kuegemea tu. Umepima?

Saumu, 21:33
Jana usiku. Mstari mmoja. Nilikunywa maji lita nzima ili nipate mkojo.

Da Rehema, 21:36
Hapo sasa. Maji yote hayo yanazimua mkojo. Kipimo kinatafuta homoni ya hCG, ambayo huanza kupanda mimba ikishajishikiza kwenye mji wa uzazi, na siku za mwanzo huwa kidogo sana. Kama yai lilichelewa, mimba itakuwa changa kuliko hesabu yako. Rudia Alhamisi alfajiri, mkojo wa kwanza kabla ya kunywa chochote. Soma ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Usirudi kukichungulia mchana, kikikauka huweka kivuli cha mstari. Lakini mstari hafifu uliotokea ndani ya muda wake, huo uhesabu.

Wifi Asha, 21:40
Saumu, fuata hilo. Mtoto wangu wa pili nilitibiwa taifodi, kisha nikapewa dawa za UTI. Wiki tatu nameza vidonge, hakuna aliyeniuliza siku zangu za mwisho nilizipata lini. Kuja kupima, mimba ina wiki kumi. Mpaka leo nikikumbuka zile dawa naumia.

Da Rehema, 21:44
Ndiyo maana Saumu, dawa yoyote ukinunua wiki hii mwambie muuzaji huenda una mimba. Na zile za kushusha hedhi wanazouza mitaani usiziguse. Ukipata homa usiseme ni mawazo, kapime malaria. Tumbo la chini likiuma sana upande mmoja, au ukitokwa damu usiyoielewa, au kizunguzungu cha kuanguka, hospitali saa hiyo hiyo, mimba inaweza kuwa imetunga nje ya mji wa uzazi. Vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku, unaweza kuanza hata kabla ya jibu.

Shangazi Mwanaidi, 21:50
Na kodi imepungua kiasi gani?

Saumu, 21:58
Miezi miwili, shangazi.

Mama Mdogo, 21:59
Wifi, nipigie pembeni.

ALHAMISI

Saumu, 05:52
Nimepima. Mstari mmoja. Nimekaa chooni na saa mkononi mpaka dakika tano zikaisha.

Da Rehema, 05:55
Sawa mpenzi. Wiki ijayo kama bado hujaona kitu, njoo tupime damu.

JUMAMOSI

Saumu, 10:17
Zimekuja asubuhi hii.

Saumu, 10:21
Nimelia bafuni. Na hali yetu hii sikujua kama namtaka. Kumbe nilishaanza kumhesabia miezi kwa vidole.

Da Rehema, 10:23
Lia mdogo wangu. Zikiwa nyingi, ukilowesha pedi kila saa, nipigie hata usiku.

Shangazi Mwanaidi, 10:30
Mwanangu, mimi ndiye niliyetangulia kukuambia ni mimba. Nisamehe. Nimeshakata tiketi, kesho jioni nipo kwako. Ile miezi miwili mama yako mdogo na mimi tumeimaliza. Nikuletee nini?

Saumu, 10:41
Samaki wa kukaanga, shangazi.